Mtoto mwenye usonji anapohamia shule mpya

MZAZI, huenda umeyaona haya. Mtoto wako mwenye usonji alikuwa ametulia katika shule ya chekechea mtaani Kangemi. Sasa amepata nafasi katika shule iliyo karibu na katikati ya jiji. Wiki ya kwanza anapiga mayowe, hali chakula, na hata maneno machache aliyokuwa nayo yamepotea.

Hiyo si jeuri wala laana. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo na hausababishwi na malezi mabaya. Mtoto huyu hutegemea mazoea ili kuelewa yanayomzunguka. Mlango ule ule na mwalimu yule yule humpa utulivu. Vyote vikibadilika kwa siku moja, hofu humzidi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Hapa Nairobi, Shule ya Msingi ya City, Ngara, ilianzisha kitengo cha watoto wenye usonji mnamo 2003. Kabla ya kumhamisha mtoto, mpeleke katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, maarufu kama EARC, upate ushauri kuhusu shule inayomfaa.

Kabla ya muhula kuanza

Kwanza, zuruni shule wakati wa likizo, madarasa yakiwa matupu. Mwonyeshe lango, darasa na hasa choo, kwani mtoto anaweza kujizuia kutwa nzima akiogopa choo asichokijua. Piga picha, uzipange kwa utaratibu wa siku, na mzitazame kila jioni.

Pili, izoeeni safari. Kutoka Kangemi kupitia Westlands hadi mjini kuna honi, msongamano na muziki wa matatu. Anzeni saa nne asubuhi, abiria wakiwa wamepungua, kabla ya kujaribu saa kumi na mbili na nusu. Mshike mkono imara, kwani akishtuka anaweza kuchomoka na kukimbilia barabarani.

Tatu, ifue sare mpya mara kadhaa ili ilainike, na ukate lebo ya shingoni.

Nne, mwandikie mwalimu ukurasa mmoja: anavyoomba maji au choo, kinachomtisha, kinachomtuliza na chakula anachokubali. Asiyegusa githeri nyumbani hataila shuleni kwa kuamriwa.

Wiki za kwanza

Omba aanze kwa saa mbili, kisha nusu siku. Mtu mmoja ampokee langoni kila asubuhi. Iwapo kelele za kengele na gwaride zinamsumbua, aruhusiwe kuingia darasani mapema. Nyumbani nako, usibadilishe kitanda, saa za kula wala yaya wakati huo huo.

Kurudi nyuma kwa muda ni jambo la kawaida. Lakini akijiumiza, akikataa chakula kabisa au asipolala, mwone daktari. Huenda anaumwa na jino au sikio na hawezi kusema.

Usikate tamaa ukamficha nyumbani. Mwenda pole hajikwai. Leo akifika langoni bila kulia, hiyo ni hatua. Kesho mwongoze hadi mlangoni pa darasa.