Mpiga saksofoni aliyejiuliza

Hapa Mususa mwanafunzi mmoja alituuliza mbele ya darasa zima kwa nini katika picha za dini malaika ni weupe na shetani ni mweusi. Tulipotaka kujua swali hilo amelitoa wapi, alijibu, "Katika wimbo wa babu." Tukafahamu mara moja.

Wimbo huo ni Nakomitunaka, maana yake Najiuliza. Mtungaji wake ni Georges Kiamuangana Mateta, aliyeitwa Verckys, mzaliwa wa Kisantu mwaka 1944. Alikuwa na miaka kumi na tisa tu alipoingia katika OK Jazz ya Franco, mwaka 1963. Saksofoni, ijapokuwa ni ya shaba, huhesabiwa pamoja na filimbi za mti, kwani sauti yake hutoka katika ulimi mwembamba wa tete. Verckys aliupuliza ulimi huo kwa pumzi ndefu yenye kukwaruza, akijibizana na gita la Franco mpaka wachezaji wakasahau kuketi.

Mwaka 1969 alimwacha Franco, akaunda bendi yake, Vévé. Tena hakuridhika kupiga tu: alitoa sahani za vijana wengine, Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam, akawa tajiri.

Nakomitunaka ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, nao uliwachukiza wakubwa wa Kanisa. Tusiwalaumu upesi. Zilikuwa siku za mashaka: mwaka 1972 serikali ilikataza majina ya ubatizo, na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Wala wimbo haukusema yote, maana tangu mwaka 1964 Mashahidi wa Uganda walikuwa wamekwisha kutangazwa watakatifu. Lakini ni nyumba ngapi zilizokuwa na picha yao ukutani? Hapo, twaungama, mpiga saksofoni alitushinda.

Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Kinshasa, akamtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Verckys alikuwa hai bado. Alifariki tarehe 13 Oktoba 2022.

Picha ya Anuarite ndiyo tuliyomwonyesha mwanafunzi wetu. Aliitazama kwa muda, akafurahi. Kisha akainua tena mkono:

"Na shetani, mwalimu?"