Biskuti Bila Ngano: Kilichomo Ndani ya Paketi

Katika maduka makubwa ya vyakula nchini Marekani kuna rafu nzima ya bidhaa zinazojitambulisha kwa jambo moja: hazina gluteni. Kuna biskuti za chokoleti, keki, tambi, na unga uliochanganywa tayari kwa kuokea. Mnunuzi akigeuza nyuma paketi mojawapo maarufu, 1-to-1 Baking Flour ya kampuni ya Bob's Red Mill ya jimbo la Oregon, atakuta orodha ambayo mpishi wa Tanga au Mombasa angeitambua karibu yote: unga wa mchele wa kunata, unga wa mchele usiokobolewa, wanga wa viazi mviringo, unga wa mtama, wanga wa muhogo, na mwisho kabisa gundi ya zanthani.

Vitu sita vimekusanywa kufanya kazi ya kimoja, unga wa ngano. Anayeelewa kazi hiyo ataelewa pia kwa nini paketi moja hutoa biskuti tamu yenye kushikamana vizuri, na nyingine ya bei ileile hutoa makombo.

Mwaka 1728 mwanasayansi wa Bologna, Italia, Jacopo Bartolomeo Beccari, alieleza jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia jikoni. Unga wa ngano hukandwa kwa maji hadi ukawa donge, kisha donge lile huoshwa taratibu kwa maji safi. Wanga hutoka na kuyafanya maji yawe meupe kama tui. Kinachobaki mkononi ni kipande cha kijivu, chenye kunata, kinachovutika bila kukatika upesi. Hiyo ndiyo gluteni. Hutokea pale protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapolowa na kukandwa pamoja. Glutenini huupa unga ukakamavu. Gliadini huupa uwezo wa kuvutika. Zikishikana hufanya wavu unaonasa hewa inayotolewa na hamira, na mkate ukaumuka na kusimama.

Kwa watu wengi gluteni ni chakula tu. Kwa takriban mtu 1 kati ya 100 duniani ni chanzo cha ugonjwa wa siliaki. Ugonjwa huu ni tofauti na mzio wa kawaida. Kinga ya mwili, ikikutana na vipande vya gluteni ya ngano au protini za jamii hiyo zilizomo kwenye shayiri na rai, huugeukia utumbo mwembamba wenyewe na kuharibu vijinyama vidogo vinavyofyonza virutubisho. Mgonjwa anaweza kuharisha, kukonda, kupungukiwa damu na mifupa yake kudhoofika. Mtoto anaweza kudumaa. Wengine hawana shida yoyote ya tumbo, ila uchovu usioisha. Karibu wagonjwa wote wana vinasaba viitwavyo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ingawa wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe. Afrika nayo imo: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, ukakuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanaugua, kiwango kikubwa ajabu kikilinganishwa na cha Ulaya.

Aliyefunga hoja kwamba mkosaji ni ngano alikuwa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alianza kuishuku miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani na mkate umeadimika, na hoja yake ikapata nguvu. Tasnifu aliyoiwasilisha Utrecht mwaka 1950 ilionyesha kwamba watoto wagonjwa hupata nafuu ngano inapoondolewa, na hurudiwa na maradhi inaporudishwa. Mpaka leo tiba ni ileile: kuacha gluteni maisha yote.

Kwa hiyo biskuti ya dukani si jambo dogo. Mtoto mwenye siliaki huitia mfukoni akienda shule, huila kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake, na kwa dakika chache huwa sawa na wengine. Anastahili biskuti salama, na anastahili pia biskuti nzuri.

Habari njema ni kwamba miongoni mwa vyakula vyote vya ngano, biskuti ndiyo inayoihitaji gluteni kidogo zaidi. Waokaji wa biskuti hata wanapotumia ngano huchagua unga wenye protini chache, na hukwepa kuukanda sana. Siagi huzipaka chembe za unga mafuta ili maji yasizifikie kwa urahisi. Sukari nayo huyanyang'anya maji hayohayo. Bila maji ya kutosha na bila kukandwa, wavu wa gluteni haujengeki, na biskuti hubaki laini ya kuvunjika kinywani. Waskoti wamelijua hilo zamani: mapishi mengi ya biskuti zao za siagi huongeza unga wa mchele ndani ya ule wa ngano, makusudi, ili biskuti imeguke vizuri zaidi.

Hivyo, anayezijaribu bidhaa hizi kwa mara ya kwanza ni afadhali aanze na biskuti nyembamba na kavu kuliko mkate. Oreo isiyo na gluteni, iliyoingia madukani Marekani mwaka 2021, imetengenezwa kwa unga wa mchele na wa oti, na kakao nzito inafunika ladha yoyote ngeni ya nafaka hizo. Biskuti za nazi na za lozi, ambazo tangu zamani hufungamanishwa na ute wa yai, hazikuwa na haja ya ngano toka mwanzo.

Paketi za kuokea nyumbani zinataka uangalifu zaidi, kwa kuwa jina la mbele halisemi yote. Bob's Red Mill hiyohiyo huuza unga mwingine usio na gluteni, wa matumizi yote, na orodha yake ni tofauti: unga wa dengu, wanga wa viazi, wanga wa muhogo, mtama na unga wa maharage mapana. Gundi ya zanthani haimo. Mwokaji hutakiwa kuiongeza mwenyewe. Asiyesoma nyuma ya paketi huokea biskuti zinazopukutika kabla hazijafika kwenye sahani, akailaumu oveni. Unga huu wenye dengu una protini zaidi, lakini ukilambwa ukiwa mbichi una uchungu wa kunde ambao hupungua ukiiva. Unaufaa zaidi mchanganyiko wa tangawizi, mdalasini au chokoleti kuliko biskuti ya vanila.

Kila kiungo kwenye orodha kina zamu yake. Unga wa mchele hauna ladha kali, ndiyo maana hubeba sehemu kubwa. Mchele wa kunata, ambao hauna gluteni hata chembe, huongeza mshikamano. Wanga wa muhogo huipa biskuti ukingo wa kutafunika na kung'ang'ania kidogo, na wanga wa viazi huhifadhi unyevu. Mtama huleta ladha ya nafaka kamili na rangi ya kahawia.

Zanthani ndiyo inayosimama mahali pa gluteni. Iligunduliwa na mkemia Allene Jeanes na wenzake katika maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois. Hutengenezwa na bakteria wa Xanthomonas campestris, yuleyule anayeozesha kabichi shambani, akilishwa sukari. Mamlaka za Marekani ziliiruhusu kwenye chakula mwaka 1969. Robo ya kijiko cha chai kwa kikombe cha unga inatosha biskuti. Ikizidi, biskuti huwa na utelezi na ugumu wa kutafuna.

Walaji wanaolinganisha paketi mbalimbali hukutana na kasoro tatu. Ya kwanza ni chengachenga mdomoni. Biskuti ina maji machache na sukari nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya wanga wake haiivi hadi kulainika, na punje za mchele uliosagwa kwa ukali hubaki zikisikika kwenye meno. Dawa yake ni subira: mchanganyiko ukipumzishwa nusu saa kabla ya kuokwa, punje hunywa maji na kulainika. Kasoro ya pili ni biskuti kutandaa hadi zikashikana kwenye sinia. Mchanganyiko ukiwekwa kwenye friji, siagi huganda na biskuti huanza kuiva kabla haijayeyuka yote. Kupima kwa mizani badala ya kikombe nako husaidia, maana kikombe cha wanga na kikombe cha unga wa mtama havina uzito mmoja.

Ya tatu ni kukauka mapema. Wanga ulioiva, ukipoa, hujipanga upya na kuyaachia maji yake. Mikate, keki na biskuti laini hugeuka ngumu. Bidhaa zisizo na gluteni zimejaa wanga, hivyo huchakaa haraka kuliko za ngano. Friji huharakisha hali hiyo. Kinachofaa ni kugandisha kabisa, kisha kupasha moto zinapohitajika. Paketi inayojaribiwa ionjwe ikitoka ovenini na ionjwe tena kesho yake, kwani nyingi zinazosifiwa zikiwa moto hushindwa mtihani wa siku ya pili.

Mkate ni kazi nyingine, na hapa wapishi wa Pwani ya Afrika Mashariki wana elimu ambayo viwanda vya Ulaya vililazimika kuitafuta. Mkate wa kumimina hutokana na mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Haukandwi, unamiminwa. Vitumbua hufuata njia hiyohiyo. Mchele hauwezi kujenga wavu wa kunasa hewa ukiwa donge, bali uji wake mzito hushikilia mapovu kwa muda, na moto ukifika, wanga wenye maji ya kutosha huvimba na kuyagandisha mapovu yakiwa mahali pake. Paketi nyingi za mkate usio na gluteni huagiza hivyohivyo: rojo zito la kumimina kwenye chombo. Anayeongeza unga mpaka donge likandike huishia na tofali. Mgonjwa wa siliaki anayenunua vitumbua barabarani aulize tu kwanza, kwa sababu baadhi ya wapishi hutia unga wa ngano kidogo.

Maandishi "haina gluteni" yana maana ya kisheria. Kiwango cha kimataifa cha Codex, pamoja na sheria za Umoja wa Ulaya na Marekani, huruhusu gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. Marekani ilitangaza kanuni yake mwaka 2013. Oti ndiyo inayohitaji macho zaidi, kwani mara nyingi hulimwa, kusafirishwa na kusagwa karibu na ngano. Oktoba 2015 kampuni ya General Mills iliondoa madukani maboksi milioni 1.8 ya nafaka ya kifungua kinywa ya Cheerios yaliyotengenezwa Lodi, California, baada ya unga wa ngano kuingia kwa makosa kwenye mtambo wa unga wa oti. Boksi lilisema hivi, kilichomo kikawa vingine. Kampuni ilitangaza kosa lake hadharani, na hivyo ndivyo mfumo unavyopaswa kufanya kazi.

Biskuti isiyo na gluteni haibadiliki kuwa chakula cha afya. Sukari na siagi ni zilezile, na nyuzinyuzi na protini mara nyingi hupungua. Unga wa ngano katika nchi nyingi huongezewa madini chuma na foliki kwa sheria, ilhali mchanganyiko wa mchele na wanga mara nyingi hauongezewi. Mpunga pia hufyonza arseniki kutoka ardhini kwa wingi kuliko nafaka nyingine. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikuta arseniki nyingi zaidi kwenye mkojo wa watu wanaofuata mlo usio na gluteni. Paketi yenye mtama, ulezi au dengu ndani yake ina faida kuliko iliyojaa mchele na wanga peke yake.

Kisha kuna bei. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha bidhaa 56 na zile za kawaida, ukakuta zisizo na gluteni ni ghali zaidi kwa wastani wa asilimia 242. Italia huwapa wagonjwa waliothibitishwa ruzuku ya kila mwezi. Nchini Uingereza, daktari aliweza hata kumwandikia mgonjwa biskuti. Desemba 2018 orodha ya vyakula vya kuandikiwa na daktari huko England ilibanwa ikabaki mikate na michanganyiko ya unga. Familia isiyo na msaada wa namna hiyo hulipia ugonjwa kila inapokwenda dukani, na hilo linastahili kuingia kwenye mijadala ya bima za afya kila mahali.

Anayejishuku kuwa na siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa kipimo hutafuta kingamwili zinazotoweka gluteni ikikoma kuliwa. Akishathibitishwa, Dar es Salaam au Nairobi anaweza kujitengenezea mchanganyiko kwa gharama nafuu: sehemu mbili za unga wa mchele uliosagwa laini, sehemu moja ya wanga wa muhogo, mtama au ulezi kidogo, na zanthani kwa kipimo kile cha robo kijiko. Ajihadhari na mambo mawili. Unga wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano, na mashine ya mtaani iliyosaga ngano asubuhi hubaki na unga wake ndani mchana. Ni salama zaidi kuchambua nafaka na kuisaga nyumbani kwa blenda isiyogusa ngano, kisha kuichekecha kwa chekeche ambalo nalo ni la kazi hiyo tu.