Mwanga wa paa, dawa ya vyumba vya giza mpakani

Saa nne asubuhi jua linawaka Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, lakini katika vyumba vingi vya nyuma taa bado zimewashwa. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, hakuna pa kutoboa dirisha. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, chumba hicho mara nyingi ndicho ghala: humo mna marobota ya vitenge, magunia ya unga na daftari la madeni.

Giza hilo lina gharama. Kitenge cha bluu huonekana cheusi, noti huhesabiwa mara mbili mbili, na umeme ukikatika huwashwa mshumaa au koroboi katikati ya mzigo unaoshika moto upesi. Mtaji wa miaka unaweza kuteketea kwa saa moja.

Ukuta ukikosa nafasi, linabaki paa. Wazo hilo si geni Afrika Mashariki. Nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa zikigusana, hupata mwanga na hewa kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mwanga huingia, lakini mpita njia haoni kilichomo ndani.

Bati la plastiki au kijumba?

Njia ya bei nafuu ni kuondoa bati moja na kuweka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Kazi huisha kwa siku moja. Lakini karibu na Ikweta jua la adhuhuri hupita karibu utosini, hivyo miale hushuka moja kwa moja. Chumba hugeuka tanuri, vitenge vilivyo chini yake hupauka, na plastiki isiyo na kinga dhidi ya jua huwa ya njano na kupasuka. Hapo ndipo msemo wa rahisi ghali hutimia.

Njia ya pili ni kuinua kijumba kidogo cha mwanga juu ya paa. Fundi hukata tundu, huzungushia fremu ya mbao au chuma, huweka kioo au plastiki ngumu kwenye pande zake, kisha hukifunika kwa bati la kawaida. Pande za kioo zielekee kaskazini na kusini. Za mashariki na magharibi zizibwe, kwa kuwa huko ndiko jua la asubuhi na jioni hupenya likiwa chini. Mwanga unaoingia ni wa anga, si miale mikali. Zikiachwa nafasi za hewa zenye wavu, joto linalopanda hutokea humo humo.

Si lazima kiwe kikubwa. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, tundu la sentimita 60 kwa mita 1 ni sehemu moja ya ishirini ya sakafu, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kuta na dari zikipakwa rangi nyeupe, mwanga huo huenea zaidi.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni maji. Kuta za kijumba zipande angalau sentimita 15 juu ya bati, na bati la kukunja liingie chini ya bati la juu na kulala juu ya bati la chini. Silikoni peke yake haitoshi.

La pili ni usalama. Mwizi anayeona plastiki juu ya ghala ameona mlango, hivyo nondo zifungwe kwa ndani. Fundi naye asikanyage bati la plastiki: halibebi mtu. Atembee juu ya ubao uliolazwa kwenye kenchi.

La tatu ni ruhusa. Mpangaji apate kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi, la sivyo gharama na lawama zitabaki kwake. Halmashauri nayo iulizwe kabla ya paa kubadilishwa.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Bei ikiwa nafuu upande wa pili, mnunuzi aulize bidhaa imetengenezwa wapi, si imeuzwa wapi. Bati lililotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki halipati msamaha wa ushuru wa forodha kwa sababu tu limenunuliwa Kampala au Nairobi. Lililotengenezwa ndani ya Jumuiya huhitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, kuna cheti rahisi kinachotolewa na forodha mpakani. Hata hivyo, kodi nyingine za ndani zinaweza kudaiwa.

Ni busara pia kubeba kipande cha bati la nyumbani. Migongo ya mabati hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na bati lisilolingana na paa litavuja hata likifungwa na fundi hodari.

Kazi hii ifanywe kiangazi, mzigo ukiwa umehamishwa. Ikikamilika, ndoo kadhaa za maji zimwagwe kuzunguka kijumba huku mtu amesimama chini akiangalia. Sakafu ikibaki kavu, marobota yarudi ndani.