Saa ya Marehemu Yatafutiwa Bei

Alipofariki sahibu yangu mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa aliacha nusu ya nyumba, deni dogo ambalo lilikwisha lipwa, na saa ya mkono. Nyumba, wenyewe waliijua thamani yake. Saa hakuna aliyeijua. Ilikuwa Rolex Datejust aliyoinunua Dubai mwaka 1991 alipokuwa akifanya kazi huko, na tangu siku hiyo haikumtoka mkononi ila akienda kutawadha.

Warithi ni mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hesabu yao si ngumu kwa aliyekaa chuoni: mjane ana thumuni yake, na kilichobaki wagawane watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Lakini saa haikatwi kwa msumeno. Kijana mkubwa alitaka aichukue yeye, aivae kwa ukumbusho wa babake, na thamani yake itolewe katika fungu lake. Hapo ndipo nilipoitwa. "Ami," akaniambia, "tuangalilie bei tusije tukadhulumiana."

Mimi nijuaye bei ya nguru na bei ya karatasi, nikajikuta kadhi wa saa!

Dalali mmoja wa mjini alikwisha wapa shilingi 250,000, akaongeza kwamba awafanyia hisani. Kijana mdogo naye alikuwa na simu mkononi, amefungua tangazo la duka moja la Ulaya: saa kama ile ile, bei yake yakaribia shilingi 900,000. Kati ya bei hizo mbili pana shilingi 650,000, na katika pengo dogo kuliko hilo ndugu wamewahi kunyimana salamu.

Tukaa siku tatu tukichunguza. La kwanza tulilogundua ni kwamba bei iliyomo katika tangazo ni tamaa ya mwenye kuuza tu. Saa hukaa mwaka mzima pale na bei yake, isinunuliwe. Bei ya kushika ni ile iliyokwisha lipwa, na hiyo hupatikana katika minada mikubwa, kama ya Geneva, ambako matokeo hutangazwa. Tena duka la Ulaya hutia ndani ya bei yake kodi, faida na dhamana. Mjane wa Mji wa Kale hana dhamana ya kumpa mtu, basi hawezi kudai bei ya duka. La pili ni wakati. Saa hizi zilipanda mno hata mwanzoni mwa mwaka 2022, kisha zikashuka. Anayeshika bei ya msimu ule ni kama anayetaka kuuza samaki wa kaskazi kwa bei ya kusi.

La tatu ndilo lililotushangaza. Ili kujua ni saa ya aina gani hasa, fundi saa aliufungua mkanda, kwani saa za miaka ile nambari zake zimechorwa ubavuni, zimefichwa na mkanda. Upande wa saa sita palikuwa na nambari 16234. Fundi akatueleza kwamba tarakimu ya mwisho ndiyo yenye siri: 0 ni chuma kitupu, 3 ni chuma na dhahabu ya manjano, na 4 ni chuma chenye duara la dhahabu nyeupe kuzunguka kioo, dhahabu ya karati 18.

Kimya kikatuingia. Marehemu aliswali na saa ile miaka zaidi ya thelathini akiamini ni chuma. Mjane, ambaye alikuwa bado katika eda, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Hakujua, shemeji. Mungu ndiye ajuaye kwamba hakujua." Nami nasema vivyo hivyo. Lakini kijana mkubwa sasa alikuwa anajua, na hakutaka tena kuivaa. Basi ikawa ni kuuza.

Tangazo tuliliandika sote pamoja, shilingi 680,000. Tukataja cheti kipo, sanduku halipo, mkanda umelegea, pembe zimesagika kwa kung'arishwa na mafundi, yachelewa dakika kadha kwa siku na haijafunguliwa kusafishwa miaka mingi. Kijana mdogo akanung'unika, "Ami, mbona twajichongea wenyewe?" Nikamwambia kwamba aibu unayoificha huonekana mezani kwa fundi, na mnunuzi akiiona atakukata kwa anayoyaona na kwa yale asiyoyaona pia.

Waliotuandikia kwanza hawakuwa hata na salamu. "Ya mwisho ngapi?" Basi, hayo tu. Mmoja akasema ni ya bandia, walakini yu tayari kuichukua kwa 300,000. (Mtu wa ajabu huyo, atoaye laki tatu kwa bandia!) Siku zikapita, na kijana mdogo akapendekeza rafiki yake aandike kwamba yeye atoa 700,000, ili wengine washtuke. Jambo hilo lina jina katika vitabu vya fiqhi, laitwa najshi, nalo ni haramu. Kabla sijafungua kinywa pazia likatikisika. "Pesa hiyo mimi usinilishe."

Kisha akaja mtu wa Nairobi. Alisalimu, akataka picha za nambari na za akrabu, akauliza ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Akatoa hesabu yake: kuisafisha kiasi hiki, kuutengeneza mkanda kiasi hiki, basi atoa 540,000. Huyu twaweza kusema naye, nikawaambia. Tukamjibu kwamba aibu hizo tulikwisha zipunguza katika bei yetu, asizikate mara mbili, na asiisahau dhahabu wala cheti. Tukashuka 640,000, akapanda 570,000, tukakutana 600,000. Alikuwa akimnunulia mkewe, na hilo likatupa raha.

Hatukutuma saa wala hatukupokea karatasi ya benki kwa simu. Alikuja Mombasa, fundi akaifungua mbele yetu sote, akamwonyesha mashine, tukamwambia ana khiyari ya kuiacha maadamu hatujaachana. Pesa zikaingia benki, saa ikatoka.

Mjane alipata 75,000. Kwa bei ya dalali angepata 31,250. Binti alipata 105,000, na kila kijana 210,000. Kijana mkubwa alikwenda kununua Seiko. Kabla ya kuilipia aliigeuza, akasoma nyuma yake kama ni chuma kitupu.