Ozoni ya Chini Yatazamwa kutoka Juu

Ozoni ya juu hutukinga na ukali wa jua. Bali ile ya chini, izaliwayo na moshi wa magari na viwanda upigwapo na jua, huunguza mapafu, na mwenye pumu ndiye aumiaye kwanza. Aprili 2023 Marekani ilirusha TEMPO, chombo ambacho kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi huipima hewa ya Amerika ya Kaskazini kila saa ya mchana. Kazi si nyepesi: sehemu tisa hivi katika kumi za ozoni ziko juu, basi ya chini hutazamwa kupitia hiyo, kama mvuvi achunguliaye mwamba ndani ya maji ya kina. Ndiyo maana vipimo vya ardhini havikuachwa. Wenzetu mlioko huko twakuusieni: ikitangazwa siku ya hewa mbaya, watoto wacheze asubuhi, kwani alasiri ozoni huzidi.