JINA LAKO LIANDIKWE SAWASAWA

Ndugu wakimbizi, wazazi na vijana,

Watu wengi wanalalamika kwamba majina yao yanaandikwa vibaya. Mtu akidai jina alilopewa na wazee wake, anajibiwa: "Si ni herufi moja tu?" Malalamiko hayo ni ya haki. Tuelezane chanzo chake na la kufanya.

KWA NINI MAJINA YANAKOSEWA

Karani huandika anavyosikia, na kila mtu husikia kwa lugha yake. Tazameni mto wa hapa mpakani: Rwanda wanaandika Rusizi, Kongo tunaandika Ruzizi, na maji ni yale yale. Hata Cyangugu, wakati wa Wabelgiji iliandikwa Shangugu. Vivyo hivyo Mushagalusha anaweza kuandikwa Mushagarusha na aliyezoea Kinyarwanda. Cikuru wa Kimashi huwa Chikuru kwa mwenye Kiswahili, na Tshikuru kwa aliyesomea Kifaransa.

Tena, Wakongomani wengi tuna majina matatu, lakini fomu nyingine zina nafasi ya mawili. Na kwetu mtoto mara nyingi habebi jina la baba. Karani asiyejua desturi hiyo anaweza kumdhania si wa familia ile.

HASARA YAKE

Mto hauombi cheti, mtu anaomba. Mtoto aliyeandikwa namna moja shuleni na namna nyingine kwenye karatasi ya familia anaweza kusumbuka siku ya kuchukua cheti cha mtihani. Anayetafutwa na ndugu zake kupitia Msalaba Mwekundu anaweza kukosekana kwenye orodha, na kumbe yupo. Kosa la kituo cha mapokezi humfuata mtu mpaka kambini.

LA KUFANYA

1. Shika namna moja ya kuandika jina lako. Fuata karatasi ya zamani, kama kadi ya mpiga kura ya Kongo au cheti cha shule.

2. Mbele ya karani usitamke tu. Onyesha karatasi, au taja herufi moja moja. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini, si aibu.

3. Soma, au usomewe, kabla ya kutia sahihi au kidole. Angalia pia majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa.

4. Ukikuta kosa, rudi mapema na karatasi zote. Usijisahihishie kwa kalamu, maana karatasi iliyokwanguliwa hudhaniwa ya uongo.

5. Usilizoee jina lililokosewa kwa sababu ya kuchoka. Leo utajibu "ni mimi yule yule", kesho karatasi zitasema ni watu wawili.

Huduma za UNHCR ni za bure. Ukiombwa pesa ili jina lirekebishwe, usitoe, toa taarifa.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unampa kila mtoto haki ya jina na ya kuandikishwa mara anapozaliwa. Kifungu cha 8 kinataka jina hilo lilindwe. Basi kudai herufi yako si ukaidi. Dai kwa adabu, lakini dai.

Mfanyakazi wa jamii, Rusizi