Mawazo Mengi: Lipi Liko Mikononi Mwako?

Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya wa vijiji tunauliza juu ya homa, kuharisha, chandarua na choo. Lakini mara nyingi jibu la kwanza tunalopata ni jingine kabisa. Mtu anasema: "Mimi nina mawazo mengi." Kisha anayataja. Mgao umepungua, faili ya kwenda nchi ya tatu imenyamaza, habari za nyumbani ni za vita, mtoto amerudishwa kwa ajili ya ada. Usiku halali. Asubuhi kichwa kinauma, anakwenda kituo cha afya, anapewa vidonge vya maumivu, na kesho yake kichwa kimerudi.

Katika toleo hili nataka kukueleza njia moja ya zamani sana ya kupanga mawazo kama hayo. Si dawa, wala si dini mpya. Mkristo anaweza kuitumia, Mwislamu vilevile. Inaitwa falsafa ya Wastoa. Mimi ni kijana, na wengi wenu mnaosoma hapa ni baba zangu na mama zangu, kwa hiyo sitajifanya mwalimu wa maisha. Nitaeleza watu hao walikuwa nani, walifundisha nini, na wapi naona mafundisho yao yanatufaa hapa kambini na wapi hayatoshi.

WATU WA BARAZA

Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Zeno, mzaliwa wa kisiwa cha Kupro. Inasimuliwa kwamba meli yake ilizama, mali yake ikaenda na maji, naye akajikuta mgeni katika mji wa Athens, Ugiriki. Akaanza kujifunza, na baadaye akafundisha. Hakuwa na jengo la shule. Alifundishia kwenye baraza moja ya mjini, pembeni ya soko, ambayo kuta zake zilikuwa na picha. Kwa Kigiriki baraza ya namna hiyo huitwa stoa, ndipo wanafunzi wake wakaitwa Wastoa. Kwa lugha yetu tungesema tu: watu wa baraza.

Jambo linalonivuta mimi ni kwamba wengi wa watu hawa walijua uhamisho. Musonius Rufus alifukuzwa Roma na Kaizari Nero akapelekwa kisiwa cha Gyaros, mahali pakavu. Inasemekana huko aligundua chemchemi ya maji. Seneca naye alipelekwa kisiwa cha Corsica mwaka 41 na akakaa huko miaka 8. Lakini wa kumtazama zaidi ni Epictetus.

Epictetus alizaliwa karibu mwaka 50 katika mji wa Hierapolis, ambao leo uko Uturuki. Alikuwa mtumwa. Hata jina lake kwa Kigiriki maana yake ni "aliyepatikana" au "aliyenunuliwa", kama vile unavyosema juu ya kitu. Alikuwa mlemavu wa mguu. Bwana wake alikuwa mtu mkubwa katika ofisi za Kaizari huko Roma, na Epictetus akiwa bado mtumwa aliruhusiwa kwenda kumsikiliza Musonius. Baadaye akapata uhuru, akaanza kufundisha yeye mwenyewe. Ndipo, karibu mwaka 93, Kaizari Domitian akaamuru wanafalsafa wote waondoke. Epictetus akahamia mji wa Nicopolis, magharibi ya Ugiriki, akafungua shule huko, akaishi maisha ya mtu asiye na mali mpaka alipokufa karibu mwaka 135. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika maneno yake. Katika uzee wake, inasemekana, alimchukua na kumlea mtoto wa rafiki yake ambaye angeachwa afe kwa sababu ya umaskini.

Nimeeleza maisha yake kirefu kwa makusudi. Mtu aliyeshiba akikwambia "usijali", una haki ya kumuuliza yeye ana shida gani. Huyu alikuwa mtumwa, mlemavu, kisha mtu aliyefukuzwa mahali alipoishi.

FUNDO LA MAFUNDISHO YAKE

Epictetus alifundisha kwamba mambo yote ya maisha yana mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yaliyo mikononi mwetu: namna tunavyoamua, tunavyolichukulia jambo, tunachotaka na tunachokataa, tunachofanya. Fungu la pili ni yale yasiyo mikononi mwetu: mwili wenyewe na magonjwa yake, mali, cheo, watu wanavyotusema, maamuzi ya wakubwa. Mtu anayechanganya mafungu haya, akadai la pili kana kwamba ni la kwanza, atachoka, atakasirika na atalaumu kila mtu. Na jambo baya zaidi, wakati anahangaika na lisilo lake, lile lililo lake linabaki bila mwenyewe.

Chukua mfano wa faili. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na watu waliokwisha pimwa afya, waliokwisha uza vitu vyao, wengine walikuwa na tarehe ya ndege. Uamuzi ule haukuwa mikononi mwao hata kidogo, na maumivu yake ni ya kweli. Sasa tazama siku ya mtu aliyepatwa na jambo hilo. Anashinda kwenye simu akitafuta uvumi. Anaambiwa orodha imetoka, anakimbia, hakuna kitu. Anaacha kulima kwa kuwa "mimi ni wa kuondoka". Mtoto anaacha shule kwa sababu hiyo hiyo. Uamuzi wa mbali umechukua safari, hilo hakuweza kulizuia. Lakini shamba na shule haukuvichukua. Hivyo alivitoa mwenyewe.

Je, Epictetus angemwambia aache kufuatilia faili? Sidhani. Wastoa walikuwa na mfano wa mpiga mishale. Kuchagua mshale mzuri, kusimama sawasawa, kulenga kwa makini, hayo ni yake. Mshale ukishaachia uzi, upepo unaweza kuuvuta, shabaha inaweza kusogea, na hayo si yake. Kwa hiyo lengo lake la kweli liwe kupiga vizuri kadiri awezavyo. Kwa upande wa faili, kutunza karatasi zako zisilowe, kutoa taarifa ofisini mtoto akizaliwa au namba ya simu ikibadilika, kufika siku uliyoitwa na kusema ukweli, huko ndiko kulenga. Jibu litakuja lini na litasemaje, huo ni upepo.

Seneca mwenyewe, akiwa kule Corsica, alimwandikia mtu mmoja mkubwa wa karibu na Kaizari barua yenye sifa nyingi, akitumaini kurudishwa Roma. Wako waliomcheka kwamba mwanafalsafa wa kuvumilia amepiga magoti. Mimi simcheki. Kuandika barua kulikuwa mikononi mwake. Kosa lingekuwa kuacha kuishi mpaka jibu lije, na miaka ile aliendelea kuandika, hata akamwandikia mama yake kumtuliza.

MGAO, MAJI NA MALARIA

Kwa upande wa mgao maneno lazima yawe ya uangalifu zaidi, kwa sababu njaa si wazo. Tumbo tupu halijazwi na falsafa, na mtu akikuambia kwamba shida ya njaa iko kichwani mwako, usimsikilize. Kiasi cha chakula kinachotolewa kinaamuliwa mbali, kulingana na fedha zilizopatikana. Kilicho karibu na mkono wako ni kidogo, lakini kipo: mchicha na sombe nyuma ya nyumba hata kama kiwanja ni kidogo, kikundi cha kuweka na kukopa, kutouza unga wote siku ya mgao kwa bei ya kutupa, kumpima mtoto mkono kwa utepe kila mwezi ili utapiamlo ujulikane mapema. Baba kuacha kunywa fedha ya mgao nako ni kitu kilicho mikononi mwa mtu, ingawa si mikononi mwa mama.

Afya ni hivyo hivyo. Huwezi kuamua bomba litatoa maji saa ngapi. Unaweza kuamua kwamba dumu linasuguliwa ndani na kufunikwa, na kwamba mikono inanawiwa kwa sabuni au jivu baada ya choo na kabla ya kumlisha mtoto. Huwezi kuzuia mbu wote wa bondeni. Unaweza kulala ndani ya chandarua badala ya kukizungushia bustani, na mtoto akipata homa kumpeleka akapimwe siku ile ile au kesho yake, bila kungoja. Kama dawa zimekwisha kituoni, hilo si lako. Kurudi tena siku uliyoambiwa ni lako.

KUVUMILIA SI KUNYAMAZA

Hapa ndipo watu wengi wanaiharibu falsafa hii. Wanaifanya iwe "kubali kila kitu, funga mdomo". Kama mtu anakudai fedha ili uingizwe kwenye orodha, kama binti amedhulumiwa njiani kwenda kuni, kama mume anapiga, hayo si mambo ya kuachia upepo. Kusema ni mikononi mwako: kwenye dawati la malalamiko, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mhudumu unayemwamini, kwa polisi. Binti aliyebakwa afike kituo cha afya mapema, ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia VVU hazifai kuanza baada ya hapo. Mtu aliyedhulumiwa hakukosea fungu lolote. Kosa ni la aliyemdhulumu.

Na kuna mahali ambapo mimi sikubaliani na Epictetus. Alitaka mtu ajizoeze hata kufiwa na mtoto bila kutikisika. Wengi wetu tumezika watu njiani, wengine hatukupata hata nafasi ya kuzika. Kulia msiba si udhaifu na si ugonjwa. Desturi zetu za kukaa matanga, majirani kuja na kuni na maji, zinajua jambo ambalo mzee yule wa Nicopolis, naona, hakulipa uzito wake.

JE, INASAIDIA KWELI?

Wataalamu wa siku hizi waliichukua sehemu ya mafundisho haya. Katika miaka ya 1950 daktari wa saikolojia Albert Ellis wa New York, Marekani, alianzisha matibabu ya mazungumzo, akasema wazi kwamba wazo lake kubwa alilitoa kwa Epictetus. Aaron Beck, ambaye matibabu yake ya huzuni iliyozidi yanatumika nchi nyingi, naye aliwataja Wastoa kama chanzo.

Karibu zaidi na sisi, hapa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini zaidi ya 600 walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Self-Help Plus. Baadhi yao walikutana mara 5 kwa vikundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa na kutazama kitabu cha picha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Mpango huo si wa Wastoa moja kwa moja, lakini ni ndugu yao: unamfundisha mtu kutulia alipo, kutopigana na kila wazo linalokuja, na kufanya leo jambo dogo linalolingana na yale anayoyathamini. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Miezi 3 baada ya mafunzo, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakupitia mpango huo.

Msongo kupungua si sawa na kwisha. Kama kwa wiki 2 au zaidi mtu halali, hali, hataki kuonana na watu, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anasema afadhali afe, hayo hayamalizwi kwa kusoma makala hii. Mpeleke kituo cha afya, umwombe mganga amwone mshauri wa afya ya akili. Mwenye kusema atajiua asiachwe peke yake, na dawa za shamba na kamba ziondolewe karibu naye.

JARIBU JIONI HII

Seneca aliandika kwamba kila usiku, taa ikishazimwa, alijiuliza siku yake ilikwendaje. Sisi tunaweza kufanya zoezi linalofanana na hilo kwa maharage, hata asiyejua kusoma analiweza. Chukua vikombe 2 na punje 10. Kila punje ipe jina la jambo linalokusumbua. Weka kulia yale ambayo kesho unaweza kuyafanyia kitu kwa mikono yako au kwa mdomo wako, kushoto yale ambayo huwezi. Usione haya kama kushoto kunajaa. Kisha toa punje moja tu ya kulia na useme kwa sauti utafanya nini, saa ngapi: "Kesho kabla ya foleni ya maji nitampeleka mtoto kupimwa." Jioni inayofuata, kama umefanya, punje hiyo rudisha kwenye gunia. Kama hujafanya, iache kikombeni. Punje za kushoto zisitupwe, kwani baada ya wiki moja utazitazama tena; mara nyingine moja inahamia kulia. Wanaotaka kufanya zoezi hili kwa kikundi wamwambie mhudumu wa afya wa kijiji chao. Vikombe mje navyo, maharage tutatafuta.